Siku Mukaka Alipokataa Mgongo wa Mwalimu

Juzi dereva wa lori kutoka Uganda alimwaga chai mezani kwangu. Mimi hufanya kazi Kasindi, mpakani, katika ofisi ndogo ya kupitisha mizigo forodhani. Meza yangu imezoea vumbi, mihuri na viwiko vya madereva, ila chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi ilikuwa bado haijaionja. Ilitiririka hadi ukingoni ikanidondokea kwenye sketi, ya moto. Yule dereva, mtu mzima mwenye ndevu na mabega ya kubebea magunia, akaruka, akavua kofia, akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni "embarrassed" sana. Nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuchungulia mlangoni. Maskini, alidhani namcheka yeye.

Neno hilo nalijua tangu utotoni. Kila nilisikiapo linanirudisha Beni, kwenye ukumbi wa kanisa letu, mchana wa joto, mabati yakilialia juu ya vichwa vyetu, harufu ya chaki ikichanganyika na ya mawese yaliyokuwa yakichemshwa kwa majirani. Nawasimulia ninyi kwa sababu watu wa nyumbani wamenisikia mno na siku hizi wananikatiza.

Nilikuwa darasa la tano. Vita ilikuwa imekuja, ikaenda, ikarudi na wakubwa wengine, na sisi watoto tulikuwa tumeacha kuuliza hii ya sasa ni ipi. Askari wa Uganda walikuwa mjini. Bidhaa zote madukani, kuanzia sabuni hadi misumari, zilitoka upande wao, kwa hiyo wafanyabiashara wa Beni na Butembo walitaka watoto wao wajue Kiingereza upesi, kabla ya watoto wa jirani. Kanisa likaanzisha masomo ya Kiingereza kila alasiri, na likamwomba Mwalimu Placide atufundishe.

Mwalimu Placide alikuwa mtu wa Bandundu, mbali kabisa huko magharibi, ukishaipita Kinshasa. Serikali ilimtuma Beni kufundisha shule ya sekondari kabla ya vita. Kisha nchi ikakatwa vipande, yeye akabaki upande wetu, huku ndugu zake wote wakiwa upande wa pili, pamoja na ile ofisi iliyotakiwa kumlipa. Wazazi ndio waliomlisha, huyu mihogo, huyu maharagwe. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na koti moja la rangi ya kahawia alilolipiga pasi ya makaa hadi likang'aa kwenye viwiko. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, nusu Kilingala, nusu Kifaransa, nasi tulimpenda kwa sababu alipokosea alicheka kabla yetu.

Siku moja akaandika ubaoni neno refu lenye herufi mbilimbili, "embarrassed". Akageuka, akatuigizia. Akajifanya anatembea mbele za watu kwa maringo, akajikwaa, akaanguka, akainuka akijificha uso kwa viganja na kuchungulia kati ya vidole. Tulivunjika mbavu. Akasema kila mtu alete mfano wa nyumbani kwao, maana neno ambalo hujalikalisha nyumbani kwako halijawa lako.

Kijana mmoja akasema aliimba kwaya Jumapili nzima suruali ikiwa wazi. Msichana mwingine akasema mama yake alimsalimia mzungu akidhani ni padre, kumbe ni fundi wa jenereta. Mimi nikanyoosha mkono nikasema Papa, baba yangu, ni embarrassed kila siku, asubuhi na jioni.

Hapo lazima niwaeleze. Mama mzaa mama yangu, Mukaka, kama tunavyowaita nyanya zetu kwa Kinande, aliishi kiwanja cha jirani pamoja na Mama Mudogo Kavira, mdogo wake mama. Papa alikuwa mkwe wa Mukaka, na katika familia yetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na kugusana ndiyo kabisa. Papa alipotaka kupita karibu na ua wa Mukaka alikohoa kwanza, kwa nguvu, na Mukaka aliposikia kikohozi alikusanya vitenge vyake akakimbilia jikoni. Papa alikuwa na kifua kizima cha seremala, lakini kwa jinsi alivyokohoa, muuguzi mmoja mgeni aliyehamia mtaani kwetu alimsihi aende hospitali akapimwe.

Msidhani walikuwa wanachukiana. Jioni Papa aliweka kiti chake nje ya ukuta wa jiko, Mukaka akakaa ndani karibu na moto, wakapiga soga kupitia udongo. "Mukwe, umeamukaje?" "Muzuri, Mama. Na mugongo?" Walishauriana kuhusu mashamba, mvua na watoto. Mukaka alikuwa akinipa sahani iliyofunikwa nimpelekee, na kila mara nyama iliyonona ilikuwa kwenye sahani ya Papa, siyo kwenye yetu.

Nilipoeleza haya darasani, Mwalimu Placide alicheka akatikisa kichwa. "Mais hapana, Katungu. Papa yako hakufanya mubaya. Embarrassed, ni mutu amefanya faute, kosa, na bantu bamemuona."

"Sasa ile ya Papa inaitwa namna gani kwa Kiingereza?"

Alijikuna kichwa kwa mkono wenye chaki, akaacha mstari mweupe kwenye nywele, akasema tuendelee na neno linalofuata.

Sasa, jambo ambalo kila mtu mtaani alilijua ni kwamba Mwalimu Placide alimpenda Mama Mudogo Kavira, naye Mama Mudogo alimpenda vilevile, maana alianza kuja kunichukua baada ya masomo, mimi niliyekuwa nikirudi nyumbani peke yangu tangu darasa la kwanza. Akamwomba mchungaji amwendee Mukaka kumposea. Mukaka alimsikiliza mchungaji kwa heshima zote, akampa maji ya ndizi akanywa, kisha akauliza: "Pastere, weye njo ulimuzaa? Mbuzi zikikuja, zitatoka kwa nani? Mutoto wangu akilia kule, atalilia mulango wa nani?" Mukaka akasema wataangalia.

Na kuangalia kwake kulikuwa hivi. Mwalimu alipokuja pale nyumbani, Mukaka alitoka nje, akapangusa mikono kwenye kitenge, akamshika mkono. Kwa mikono miwili! Akamtazama usoni na kumuuliza habari za shule. Mwalimu aliondoka akitembea kama mtu aliyevishwa taji, akatuambia sisi wanafunzi, "Mama ananipenda. Ananishika mukono." Nyuma ya mlango Mama Mudogo alikuwa akijifuta machozi. Mama yangu naye akaguna, "Anamusalimia kama mutu wa posta." Hakuna aliyethubutu kumwambia Mwalimu kwamba mkwe hapewi mkono. Mama Mudogo alitukataza. Alisema tumwachie furaha yake, hana nyingine huku kwetu.

Hali ilikuwa hivyo mpaka asubuhi ile milio ilipoanza.

Tulikuwa tumezoea milio ya mbali, lakini ile ilikuwa karibu, na ilikuwa inakuja. Papa alikuwa Kasindi kufuata mbao na misumari, na njia ya huko ilikuwa imefungwa. Mama alimfunga mtoto mchanga mgongoni, akajitwika godoro. Mama Mudogo akachukua sufuria na unga. Jirani akatuazima baiskeli kwa ajili ya Mukaka, kwa sababu nyonga yake ilikuwa imeharibika siku nyingi na hata kwenda chooni alitumia fimbo. Tulipokuwa tunatoka, Mwalimu Placide akatokea uani na koti lake na mfuko mmoja wa vitabu. Alisema tu, "Nimekuja kubeba kitu." Akapewa mfuko wa maharagwe na mdogo wangu wa kiume, mmoja kichwani, mwingine mabegani.

Tukashika njia ya Butembo pamoja na mji mzima. Mukaka alikaa nyuma ya baiskeli kama malkia aliyekasirika, Mama Mudogo ameshika usukani, mimi nasukuma. Ilikuwa safari ya vumbi, mbuzi, vilio vya watoto, na akina mama wa kanisa waliokuwa wakiimba pambio bila kujua wamelianza saa ngapi. Tulilala njiani kwenye shule, kesho yake tukaendelea. Kisha kwenye kizuizi kimoja askari wakaichukua baiskeli. Askari wa nani, sikujua, siku zile sare zilikuwa zimeshafanana. Mmoja wao alisema "Mama, mujikaze," kama vile anatutia moyo, akampandisha mwenzake nyuma, wakaenda.

Mbele yetu kulikuwa na mlima wa Kabasha. Wanaoijua njia ile wanajua ninachosema: unapanda, unakata kona ukidhani umefika, kumbe unaanza. Na mvua ikaanza. Udongo ukawa sabuni. Wenzetu wenye miguu walikuwa wametangulia, na nyuma yetu, huko bondeni tulikotoka, milio ikaanza tena.

Mukaka alijikokota kidogo na fimbo yake, kisha akakaa juu ya jiwe kando ya njia. "Muende," akasema. "Miye nimefika."

Mama Mudogo akaweka chini sufuria, akachuchumaa, akamwambia apande mgongoni. Mukaka alikuwa mwanamke mnene wa shamba, Mama Mudogo alikuwa mwembamba kama fimbo yenyewe. Alisimama naye, akapiga hatua chache, wakaanguka wote wawili kifudifudi kwenye tope. Walipoinuka nyuso zao zilikuwa nyekundu kwa udongo, na kwa mshangao wetu Mukaka akacheka. Mdogo wangu naye akacheka. Kisha mlio mmoja mkubwa ukapiga karibu, majani yakatikisika, hakuna aliyecheka tena.

Mwalimu Placide akamteremsha mdogo wangu. Akaweka maharagwe chini. Akavua koti, akalikunja taratibu kama anavyolikunja mtu anayejiandaa kulala, akanipa mimi. Akaenda akachuchumaa mbele ya lile jiwe, mgongo wake ukimwelekea Mukaka.

"Mama, panda."

Mukaka akageuza uso pembeni. "Hapana."

"Mama, banakuja. Panda."

"Mutu mwingine, ndiyo. Huyu, hapana."

Nilimsikia kwa masikio yangu, na nawaambia ukweli, niliwaka kwa hasira. Mtu huyu alikuwa amembeba mjukuu wake tangu Beni. Nikaona Mukaka anamdharau kwa kuwa hana ndugu, na kwamba kiburi kile kitatuua sote, kwa sababu Mama alikuwa ameshasema hatuendi bila yeye. Mama akamsihi kwa Kinande, akamtajia watoto, akamtajia Mungu. Mukaka akashika jiwe kwa mikono miwili, akatikisa kichwa.

Ndipo Mama akamwinamia Mwalimu, akasema haraka haraka huku mvua ikimtiririka puani: "Mwalimu, usikie. Kwetu, mukwe hapana gusa mama mukwe. Ukimubeba, Kavira hautamuoa tena. Imekwisha. Unasikia?"

Mwalimu alibaki amechuchumaa. Shati lake lilikuwa limemganda mgongoni, uti wote unaonekana. Hakumtazama Mama Mudogo. Naye Mama Mudogo alisimama pale akiwa na tope usoni.

"Donc, mukono ile alikuwa ananipa," akauliza polepole, "ilikuwa ya bure?"

Mama alijipangusa mvua usoni.

"Basi," akasema Mwalimu. "Sitamuoa. Mbele ya Mungu na mbele ya hawa batoto, miye si mukwe. Sikuleta mbuzi, sikuleta ndugu. Miye mwalimu tu. Mama, panda."

Mama Mudogo akajifunika uso. Mukaka akamtazama binti yake, akatazama ule mgongo. Kisha akavuta kitenge chake cha kichwani kikamfunika hadi kidevuni, kama mtu anayeingia gizani, akauachia mwili wake juu ya mgongo wa Mwalimu.

Sijui alitoa wapi nguvu, mtu yule wa mihogo na maharagwe. Alipanda Kabasha akiteleza, akipiga goti, akiinuka, akihema kama mviringisha magogo. Mimi nilikuwa nyuma na koti lake kifuani. Mara moja nikasikia sauti ya Mukaka kutoka ndani ya kitenge, ndogo sana: "Polepole, mutoto." Huko nyuma milio iliendelea, kisha ikageukia upande mwingine, ikabaki bondeni. Kule juu tukakuta lori la mfanyabiashara wa Butembo likipakia wanawake na watoto. Mwalimu akamweka Mukaka juu ya magunia, akarudi nyuma. Hapakuwa na nafasi ya wanaume. Lori lilipoondoka alikuwa amesimama njiani katika mvua, na mimi nikagundua koti lake bado ninalo.

Butembo tulipokelewa na mjomba wetu. Butembo ni baridi kwa mtu wa Beni. Asubuhi tuliamka tukitoa moshi mdomoni, na nguo zetu zote zilinuka kuni za mikaratusi. Papa akatufikia kutoka Kasindi kwa njia za kuzunguka, akiwa mzima, na siku ileile akaanza kukohoa langoni kwa mjomba, Mukaka akaanza kukimbilia jikoni, nasi tukajua maisha yamerudi.

Kwa Mama Mudogo hayakurudi. Mwalimu Placide alifika Butembo kwa miguu, tukasikia kwamba watu wa kanisa wamempa pa kulala, lakini hakutukanyagia mlango. Alishika neno lake. Mama Mudogo alifua, alipika, alitutafutia chawa, yote bila kusema. Akiulizwa kitu alijibu, "Ndiyo," hata kama swali halikuwa la ndiyo. Mukaka naye aliloweka mguu wake katika maji ya moto, akamtazama binti yake akipita huku na huku. Mimi sikutaka hata kumpelekea fimbo. Nilimwona ndiye aliyeharibu kila kitu, akaokolewa, na asante hakutoa.

Baada ya muda mchungaji akaleta habari kwamba Mwalimu anaondoka. Amepata lori la Kasindi, kutoka huko ataingia Uganda kutafuta kazi ya kufundisha. Angepita kuaga watoto na kuchukua koti lake.

Alikuja alasiri. Tulikuwa uani. Mukaka alikuwa amekaa kwenye kigoda juani akichambua maharagwe kwenye ungo, fimbo kando yake, mguu mbovu ameunyoosha. Mimi nilikuwa natazama lango kwa sababu nilikuwa namsubiri. Mwalimu akaingia na mfuko wake wa vitabu, amekonda zaidi, akavua kofia. Hakukohoa, angejulia wapi kukohoa?

Mukaka akainua macho.

Jamani, sijawahi kuona kitu kama kile. Mwanamke aliyekwenda chooni kwa fimbo aliruka kutoka kwenye kigoda. Ungo ukapinduka, maharagwe yakatawanyika uani, kuku wakaja mbio. Akavuta kitenge kichwani, akakimbia! Alikimbia akichechemea, akayumba, kandambili moja ikabaki nyuma, akapotelea nyuma ya jiko, tukasikia debe likianguka huko.

Mwalimu Placide alisimama akiwa na kofia mkononi. Uso wake ulikuwa ule aliotuigizia darasani, ila safari hii hakuwa anaigiza. "Donc, hata kuniona hataki," akasema. "Haki yake. Katungu, mwambie Mama pardon. Mupe na Kavira..." Hakumaliza. Akageuka kwenda, koti hata hakuliuliza.

Na Mama yangu pale mlangoni alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili, anatetemeka, na machozi yanamtoka, na nyuma ya vidole ilikuwa ni kicheko. Hapo mimi nikaelewa. Nilikuwa mtoto aliyeona kitu kile kila siku ya maisha yangu, asubuhi na jioni. Nikamkimbilia Mwalimu, nikamshika shati.

"Mwalimu! Amekukimbia! Mukaka amekukimbia!"

"Nimeona, mutoto. Niache."

"Hapana! Amekukimbia kama anamukimbia Papa!"

Alinitazama. Nafikiri Kiswahili chote alichokiokota kwetu kilimpotea dakika ile. Mama akapiga vigelegele, mke wa mjomba akatoka ndani akapokea bila kujua vya nini. Kisha kutoka nyuma ya ukuta wa jiko ikaja sauti ya Mukaka, akihema bado:

"Katungu! Uulize mukwe wangu kama amekula."

Mwalimu alikaa chini palepale, juu ya mfuko wake wa vitabu, katikati ya kuku na maharagwe, akalia kama mtoto mdogo. Mama Mudogo alitoka ndani akiwa na unga mikononi. Alisimama mbele yake. Hakumgusa, watu walikuwepo, lakini alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kabasha.

Yaliyobaki yalikwenda taratibu, kama mambo ya wakati wa vita yanavyokwenda. Papa alisema yeye na mchungaji watasimama kama ndugu za bwana harusi, na mbuzi zikaja moja moja, nyingine zimekonda kuliko bwana harusi mwenyewe. Wajomba wakamtoza Mwalimu mbuzi ya ziada ya kuosha kosa la kumgusa mama mkwe, wakaila kwa furaha kubwa, na Mukaka, kutoka jikoni, akasema hiyo mbuzi alitakiwa aitoe yeye aliyebebwa. Mwalimu akajifunza kukohoa. Alikohoa vibaya mwanzoni, kwa lafudhi ya Bandundu, kama Papa alivyodai. Mukaka hakumpa mkono tena hata mara moja, na Baba Mudogo Placide, kama ninavyomwita mpaka leo, alikuwa akijigamba kwa watu kwamba mama mkwe wake hajawahi kumtazama usoni tangu siku ile ya Butembo.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikidhani nakielewa. Nilikisimulia kwamba Mukaka alikuwa mwenye kiburi, Mwalimu akamwokoa, kiburi kikayeyuka, akamkubali. Hivyo ndivyo nilivyokipanga kichwani, na kilikaa vizuri.

Mukaka alizeeka sana. Mwishoni alilala kitandani muda mwingi, na nilipokuwa likizo nilimkanda miguu kwa mafuta. Siku moja, kwa utani tu, nikamwambia alikuwa karibu kutuua sote kule Kabasha. Nikamuuliza Mwalimu alimkosea nini siku ile, hata akasema mtu mwingine yeyote ndiyo, huyu hapana.

Alinitazama kama ninavyomtazama dereva aliyeleta karatasi za lori lingine.

"Mutu mwenye si mukwe wala kitu kwangu, ningepanda," akasema. "Hata askari ningepanda. Ile siku alifika na koti yake kubeba batoto, nikasema moyoni, huyu njo mukwe. Nilikuwa bado sijamuambia mutu." Akavuta blanketi. "Kama ninapanda, Kavira anakosa bwana."

"Kwa hiyo ungebaki pale kwenye jiwe? Na risasi?"

"Kavira alikuwa kijana," akasema Mukaka. "Miye bwana wangu nilikuwa nimekwisha kuwa naye."

Akaniambia nimkande na mguu wa pili.